Swichi ya akiba imepewa konfigi ya zamani, trunki iko juu lakini VLAN hazipitishi kitu

Muulizaji
Wakuu habari za kazi. Swichi ya ghorofa ya pili, Cisco WS-C2960X-48FPD-L, imeungua pawa saplai umeme uliporudi kwa kishindo. Nimetoa nyingine stoo, WS-C2960X-48LPD-L, iliyowahi kutumika kwenye tawi letu jingine. Nikafanya `write erase`, `reload`, kisha `copy tftp: startup-config` kutoka kwenye bakapu, nikaiwasha upya. Trunki (kiungo kinachobeba VLAN nyingi) ya kwenda swichi kuu iko juu. Ila kompyuta za VLAN 20 (VLAN ni mtandao uliotengwa ndani ya swichi) na simu za VLAN 30 hazipati IP, na SSH (njia ya kuingia kwenye swichi kwa mbali) inakataa. Konfigi nimeilinganisha mstari kwa mstari, ni ileile. Nini kimebaki?

Jibu la 1
Mkuu, piga `show vlan brief`. Nina hakika VLAN 20 na 30 hazimo, na utazikuta za lile tawi. `write erase` inafuta startup-config tu, yaani konfigi inayosomwa swichi ikiwaka. VLAN zinakaa kwenye flash, faili la `vlan.dat`, na swichi ikiwa kwenye hali ya server au client ya VTP (itifaki ya Cisco ya kugawana orodha ya VLAN kati ya swichi) haziandikwi kwenye konfigi. Ndiyo maana bakapu yako haina hata mstari mmoja wa `vlan 20`. Piga pia `show interfaces gi1/0/5 switchport`: ukiona neno Inactive mbele ya namba ya VLAN, tatizo ndilo hilo.

Chomoa trunki kwanza, halafu kwa konsoli:

`delete flash:vlan.dat`
`reload`

Ikiuliza kuhifadhi, jibu no. Ikirudi:

`configure terminal`
`vtp mode transparent`
`vlan 20`
`name DATA`
`vlan 30`
`name SIMU`
`end`
`write memory`

Kwenye transparent VLAN zinaandikwa ndani ya konfigi, kwa hiyo bakapu ijayo itazibeba.

SSH ni funguo. Hazimo kwenye bakapu, zitengeneze upya kwa `crypto key generate rsa modulus 2048`. Hostname na `ip domain-name` viwepo kwanza. Kompyuta yako italalamika kuwa ufunguo umebadilika. Futa ule wa zamani kwa `ssh-keygen -R` na IP ya swichi.

Jibu la 2
Naunga mkono, ila hapo kwenye kuchomoa trunki msipite haraka. Swichi ya stoo yenye jina lilelile la VTP domain (kundi la swichi zinazogawana orodha) na revision (namba ya toleo la orodha) kubwa kuliko ya swichi kuu ingefuta VLAN za jengo zima, hata ikiwa client. Hapa umepona: kama domain zingefanana, ama ingezipokea 20 na 30 ama ingezifuta kote. Hata hivyo pitia `show vtp status` kwenye swichi kuu.

Jingine: kama mnafuatilia hali ya swichi kwa SNMPv3 (itifaki ya ufuatiliaji), watumiaji wake hawaonekani kwenye running-config (konfigi inayotumika sasa) na nywila zao zimefungwa na engineID, kitambulisho cha kifaa. Waunde upya, la sivyo grafu zitabaki tupu na mtalaumu faiawo bure.

Muulizaji
Kweli kabisa, `show vlan brief` ilitoa 110 na 120 za lile tawi. Sasa IP zinapatikana na SSH inafunguka. Zimebaki access point 4 (vifaa vya kurusha Wi-Fi) haziwaki, poti 45 hadi 48. Kebo nimezipima, nzima.

Jibu la 3
Soma herufi za modeli. FPD ina wati 740 za PoE (umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao), LPD ina 370. Kifaa cha class 3 (daraja la mahitaji ya umeme wa PoE) huweza kutengewa hadi wati 15.4, kwa hiyo vikiwa vyote hivyo bajeti inaisha kwenye kifaa cha 24. `show power inline` itakuonyesha zilizobaki, na hizo poti nne zitaandika `power-deny`. Hakuna konfigi ya kuongeza wati. Zipe access point injekta za PoE, au zihamishie swichi nyingine mpaka upate FPD.