Kisiwa cha Maziwe Jumamosi na hii kusi (upepo wa kutoka kusini), bahari ikoje?

Swali: Wakuu habari zenu, Jumamosi nataka niwapeleke wanangu wawili Maziwe tukitokea Pangani, sasa nimecheki utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wametoa angalizo la mawimbi kuzidi mita 2 na upepo mkali, ila hapa ufukweni naona maji yametulia tu, twende au tuache?

Jibu: Mkuu maji ya ufukweni yasikudanganye, tazama kule nje kwenye mwamba, ukiona povu jeupe ujue kusi imeshika. Halafu siku za bamvua (mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapojaa na kupwa sana) maji yanakupwa kama saa nne asubuhi ndo kisiwa kinatoka, alasiri yakijaa kinafunikwa chote hamna pa kusimama, na hapo mnarudi upepo ushachachamaa.

Jibu: Na jaketi okozi wavalishe mkiwa nchi kavu muone kama zinawakaa, mi wangu mwaka jana ilikuwa ya mtu mzima, wimbi lilivyotupiga ubavuni ikampanda hadi masikioni, mtoto anatetemeka midomo imemkauka, sitasahau.

Muuliza swali: Asanteni sana, naahirisha. Tutaogelea hapahapa, Maziwe mpaka kusi iishe.