Daraja la meno matatu: kumimina, kuchonga madini au zirkonia?

Fundi_Ujiji: Wakuu, naomba ulinganisho. Daraja (jino bandia la kudumu linaloshikiliwa na meno ya pembeni) ni la chini kulia: nguzo, yaani meno yanayolishikilia, ni gego dogo la pili na gego la pili, pengo katikati. Kliniki ipo Kigoma mjini, maabara ipo Dar. Kiunzi kipi, yaani umbo gumu la ndani la daraja, kinakaa vizuri zaidi ukingoni, pale kinapokutana na jino?

Nta_na_Moto: Kumimina (kiunzi cha nta hufunikwa ukungu, yaani kalibu, nta huchomwa, madini yaliyoyeyushwa hujaza nafasi yake) bado kuna nafasi yake, ila hakutaki uzembe. Aloi ya kobalti-kromu ikipoa hunywea takriban asilimia 2.3, dhahabu kama 1.5, na ukungu lazima utanuke kufidia. Ukiongeza maji kwenye kimiminika cha kuchanganyia unga wa fosfeti wa ukungu, ukungu hautanuki vya kutosha. Kofia, sehemu ya kiunzi inayovaa nguzo, inabana kabla ya kufika chini. Nta nayo ifunikwe ukungu papo hapo. Ikilala hadi asubuhi, hasa kwa joto letu, hujinyoosha na ukingo huachia.

Dkt_Kibirizi: Zirkonia, kauri ngumu nyeupe, huchongwa kubwa kupita kipimo, kisha hunywea takriban asilimia 20 kwenye tanuri la karibu nyuzi 1,500. Kila bloku ina namba yake ya kunywea. Ukiingiza ya bloku nyingine, kazi yote imeharibika. Halafu ncha ya mashine ni mviringo, haiingii kwenye pembe kali, kwa hiyo programu hukwangua zaidi na kofia inapwaya ndani. Lainisha pembe za jino kabla ya kuchukua vipimo.

Mchonga_Tabora: Kwenye daraja ndipo tofauti inapojitokeza. Kiunzi cha kumimina kipande kimoja hujipinda: bonyeza nguzo moja kwa kidole, ya pili inanyanyuka. Madini utayakata kwa diski nyembamba, uyashike mdomoni kwa resini (plastiki inayoganda), kisha uyachomelee. Zirkonia ikicheza, unaanza upya. Chaguo langu ni kobalti-kromu ya kuchongwa au ya leza (unga huyeyushwa tabaka kwa tabaka), kwani inakwepa nta na ukungu. Maabara ibadilishe tu ncha zilizochakaa.

Dkt_Kibirizi: Na vipimo, yaani alama ya meno inayochukuliwa mdomoni, jamani! Silikoni ya kondensesheni (aina inayotoa alkoholi ikiganda) hupoteza alkoholi hiyo na kunywea njiani. Tumieni ya adisheni (aina isiyotoa alkoholi), au mimina plasta ngumu hapo hapo Kigoma utume modeli.

Fundi_Ujiji: Asante daktari. Pengo la ukingoni lisizidi ngapi, na nilipimeje?

Nta_na_Moto: Watafiti wa meno McLean na von Fraunhofer, 1971, walitaja mikroni 120 (milimita 0.12). Paka silikoni nyepesi ndani ya kofia, kandamiza hadi igande, chomoa. Palipotoboka mpaka kiunzi kikaonekana ndipo panapogusa. Kwangua hapo tu, rudia. Ukingoni ikibaki nene kama ukucha, kirudishe maabara.