Mafua, homa ya mafua, Korona au RSV: mliyatofautishaje? Tupeane uzoefu

Mama Salha, Iringa
Habari zenu wapendwa. Baridi ya mwezi wa sita imeingia, nyumba nzima tunakohoa na kila mtu ana jina lake. Mmoja anasema mafua, mwingine Korona imerudi, mama mkwe anasema vumbi. Naomba tusimuliane: ulipougua wewe au mwanao, dalili zilianzaje na mwishowe mkaambiwa ni nini?

Naanza. Mafua ya kawaida kwangu huja taratibu. Jioni koo linawasha, kesho yake chafya mfululizo, halafu makamasi ya maji maji ambayo baadaye huwa mazito. Homa sina, kazi nafanya. Yakigeuka njano au kijani siendi dukani kununua antibayotiki, maana daktari alinifafanulia kuwa ndivyo mafua yanavyokwenda, na antibayotiki haiui kirusi. Kinachobaki ni kikohozi, hicho kinaweza kuingia hata wiki ya pili.

Mwalimu wa Mbozi
Homa ya mafua haiji taratibu hivyo, mama. Mimi naweza kukutajia hadi saa iliyonishika. Asubuhi nilikuwa ubaoni, mzima kabisa. Kufika saa sita natetemeka, kichwa kinagonga, mgongo na mapaja yanauma, hata kugeuza macho ni maumivu. Kikohozi kikavu, makamasi karibu hakuna. Nilibebwa kwa bodaboda kwenda zahanati, wakapima malaria kwanza, haikuonekana. Na hapa niseme jambo linaloniuma: tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka mtu apimwe kabla ya kupewa dawa ya malaria, lakini mtaani kwetu mwili ukichemka tu mtu anameza mseto. Homa ikiisha yenyewe anasema mseto umemponya! Jamani, tupime. Na anayeacha kupima kwa kudhani ni mafua tu yuko hatarini vilevile, kwa sababu malaria nayo huanza na homa, kichwa na viungo kuuma.

Bin Ali, Maskati
Assalaam alaykum. Mimi Korona ilinipata 2020. Mke wangu alichoma udi sebuleni, moshi nauona, harufu sipati. Nikainamia chetezo, hakuna kitu. Pua haikuwa imeziba hata kidogo, ndipo nikashtuka. Chakula nacho hakikuwa na ladha.
Ila msiitegemee sana alama hiyo. 2022 nikaugua tena, safari hii koo lilikuwa linachoma na makamasi yanatoka, udi naunusa vizuri tu. Bila kile kipimo cha kuchokoa pua ningeapa ni mafua. Tangu ile aina ya Korona iitwayo Omikroni ienee, wanaopoteza harufu wamepungua.

Mtu wa Kilifi
Nawaletea ya RSV, kirusi cha njia ya hewa, kwa sababu wengi hawaijui na ndiyo inayowatesa wachanga. Mtoto wa dadangu alikuwa na miezi mitatu. Kakake wa chekechea alikuja na mafua, akacheza nayo hadi yakaisha. Yule mdogo naye akaanza na makamasi tu. Siku ya tatu, ya nne, mambo yakageuka: anapumua mbio, kifua kinalia kama filimbi, akishika ziwa ananyonya kidogo na kuliachia avute hewa. Tulipomvua nguo tukaona chini ya mbavu panabonyea ndani kila akivuta pumzi. Hatukungoja kupambazuke. Hospitalini walimpa oksijeni na kumlisha kwa mpira wa puani, mpaka mwili ukashinda wenyewe.

Karibu kila mtoto hukipata kirusi hiki kabla ya kutimiza miaka miwili, na wengi huishia na mafua tu. Huku kwetu watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walizifuatilia familia nyumbani kwao wakipima pua za watu wote, wakaona mara nyingi anayemletea mchanga ni kaka au dada anayekwenda shule. Kwa hiyo sasa kwetu mwenye makamasi hambusu mtoto mchanga, hata awe shangazi aliyetoka safari.

Nesi wa zamu ya usiku
Dada wa Kilifi, mlifanya vyema sana. Kwa mtoto msihangaike kwanza na jina la kirusi, hesabuni pumzi. Awe ametulia, halii, tazama tumbo au kifua dakika nzima. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni nyingi. Miezi 2 hadi 11, kuanzia 50. Mwaka 1 hadi 5, kuanzia 40. Akifika hapo, au kifua kikibonyea, au akashindwa kunyonya, akatapika kila kitu, akapata degedege au akalegea, mleteni saa hiyohiyo. Wala msimpe mtoto aspirini kwa ajili ya homa.
Pia mafua yenye macho mekundu na homa kali, halafu vipele usoni baada ya siku tatu nne, hiyo ni surua.

Kijana wa Temeke
Naongeza dengi, homa inayoletwa na mbu. Dar 2019 nilidhani ni homa ya mafua: homa ghafla, viungo, maumivu nyuma ya macho. Lakini sikukohoa wala kupiga chafya hata mara moja. Kipimo kikasema dengi.

Mama Salha, Iringa
Asanteni mno. Nesi, na bibi yetu mwenye kisukari? Anakohoa, ila mwili haujapata joto.

Nesi wa zamu ya usiku
Mzee anaweza kuumwa sana bila joto kupanda. Akianza kuchanganya maneno, akakataa chakula, au akahema kwa kutoka kitandani hadi mlangoni, mpelekeni leo, na sukari ipimwe hukohuko. Na kikohozi chake kikifika wiki mbili, apimwe makohozi kwa ajili ya kifua kikuu.