Mrejesho: Longonot na klabu ya wapanda milima

Niliuliza kama mtu asiyewahi kupanda mlima anaweza kwenda Longonot na klabu moja ya hapa Nakuru, na kama raba za kawaida zinatosha. Nimeenda na nimerudi salama. Asanteni, hasa mliosisitiza maji.

Mlima una mita 2,776. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano juu ya mlima, ni kama kilomita 3, wengine wanaishia hapo. Sisi tukauzunguka ukingo wote, kilomita 7 na ushei, na huko ndiko kwenye kazi! Kivuli hakuna, vumbi la volkano limejaa, na njia ya kileleni ni mwinuko hasa. Raba zilipanda vizuri. Kwenye kushuka ziliteleza ovyo. Mwenye buti azivae. Ukichungulia chini ndani ya kreta unaona msitu mtupu.

Klabu wamejipanga: kiongozi mmoja mbele, mwingine nyuma na sisi tunaojikokota. Matatu ya kukodi tulichangiana, kiingilio kila mtu alijilipia. Uanachama bado sijalipia. Wakienda Menengai, kreta iliyo hapa hapa karibu na mji wa Nakuru, nitaenda nao kwanza, kule siwezi kusingizia nauli.