Mjadala: Mkaguzi wa nyumba mwenye leseni alazimishwe kutoa maoni, au orodha ya alichokiona inatosha?

MLETA MADA

Ndugu zangu, naomba tujadili jambo linalomgusa kila anayenunua nyumba Marekani, wakiwemo wenzetu wengi walioko Houston na Dallas: viwango vya utendaji ambavyo jimbo humwekea mkaguzi wa nyumba mwenye leseni. Viwango hivyo ndivyo vinavyoeleza mkaguzi lazima aangalie nini, anaruhusiwa kuacha nini, na ripoti yake iandikweje. Wanunuzi wengi hawavisomi mpaka kasoro ijitokeze, na hapo ndipo wanapoambiwa kwamba kilichoharibika hakikuwa sehemu ya ukaguzi.

Msimamo wangu ni kwamba kiwango kinachomtaka mkaguzi aorodheshe tu alichokiona kinamwacha mnunuzi gizani. Kwa sehemu kubwa za nyumba, yaani msingi, paa na mfumo wa umeme, mkaguzi alazimike kuandika maoni yake pamoja na dalili zilizomfikisha kwenye maoni hayo.

Texas imeshafanya hivyo kwa msingi. Viwango vya Tume ya Mali Isiyohamishika ya jimbo hilo vinamtaka mkaguzi atoe maoni ya maandishi kuhusu hali ya utendaji wa msingi, kisha ataje dalili za matatizo zinazoonekana: mlango unaokwama au usiofunga sawasawa, sakafu iliyoinama, ufa ukutani au kwenye dari, matofali ya nje yaliyopinda au kutuna. Sababu iko ardhini. Maeneo mengi ya Houston na Dallas yana udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka, na zege lililomwagwa juu yake hupanda na kushuka pamoja nao. Mnunuzi anayesoma tu kwamba "kuna ufa sebuleni" hawezi kujua kama ni plasta iliyokauka vibaya au ni nyumba inayodidimia upande mmoja. Akisoma kwamba, kwa maoni ya mkaguzi, msingi haufanyi kazi inavyopasa, atajua kwamba amwite mhandisi kabla hazijaisha zile siku chache alizomlipia muuzaji ili aweze kujitoa kwenye mkataba.

Sehemu nyingine nyingi za ripoti hiyohiyo huishia kwenye visanduku vinne: imekaguliwa, haikukaguliwa, haipo, ina kasoro. Mkaguzi halazimiki kuingia chini ya sakafu ikiwa nafasi haifiki inchi 18, wala kupanda paa asiloweza kulifikia kwa usalama, ingawa ni lazima aandike alilitazama paa akiwa wapi. Silalamikii kinga hizo, kwa sababu hakuna anayestahili kuvunjika shingo kwa ajili ya ripoti. Ninalolipinga ni mnunuzi kuzifahamu baada ya kulipa, ilhali angeweza kuelezwa siku ya kupatana bei.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mleta mada, hoja yako naiheshimu, lakini naitazama kwa jicho la mkaguzi. Ukaguzi huu ni wa macho, unafanyika kwa saa chache, na hauruhusu kubomoa chochote. Texas tayari inamtaka mkaguzi awe na bima ya dhima isiyopungua dola 100,000 kwa kila tukio, na kila maoni unayomlazimisha kuandika ni mlango wa kesi, ambao gharama yake itarudi kwa mnunuzi kupitia ada. Mbaya zaidi, mkaguzi mwoga ataandika "muone mhandisi" kila ukurasa, na mnunuzi atakuwa na maoni mengi yasiyomwambia kitu.

MCHANGIAJI WA PILI

Naona sote tumeikumbatia leseni kupita kiasi. California haitoi leseni ya ukaguzi wa nyumba, lakini sheria yake inabatilisha kifungu cha mkataba kinachomwekea mkaguzi kikomo cha dhima kwenye ada aliyolipwa, na inamkataza kufanya matengenezo ya malipo kwenye nyumba aliyoikagua ndani ya miezi 12. Mimi ningechagua ulinzi huo kuliko fomu nzuri.

MLETA MADA

Mchangiaji wa pili, ulinzi wa California ningependa uwepo kila jimbo, hasa huo wa kutenganisha ukaguzi na matengenezo. Hata hivyo, kifungu cha dhima humsaidia mtu ambaye tayari amepata hasara na ana uwezo wa kwenda mahakamani. Familia iliyomaliza akiba yake kwenye malipo ya awali inahitaji kuambiwa ukweli kabla ya kutia saini.

Kuhusu "muone mhandisi", hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote hapa, na ndiyo sababu nimesisitiza dalili. Ushauri huo usipofuatana na mlango uliokwama wa chumba kinachotajwa, au ufa wa ukuta unaotajwa, uhesabiwe kuwa maoni hayakutolewa, na tume imwajibishe mkaguzi kama ambavyo ingemwajibisha aliyeruka sehemu nzima. Gharama ya bima naikubali, lakini kwa sasa anayeubeba mzigo wote wa kutojua ni mnunuzi, na sioni haki katika mgawanyo huo. Waliowahi kununua kwenye majimbo mengine watueleze: mkaguzi wenu alitakiwa kusema nini kuhusu msingi, na mlipewa lini orodha ya asiyoyakagua?