Kibali cha kurusha glaida ya kujiundia

Muulizaji, Dodoma: Ndugu zangu, glaida (ndege isiyo na injini) ninayoiunda kwa mbao na faibaglasi inakaribia kukamilika. Je, nianzie wapi kuomba kibali cha kuirusha?

Fundi wa Kizota: Ungeanza kabla ya kugandisha ubao wa kwanza, ndugu, kwa sababu mkaguzi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga hawezi kuona maungio yaliyokwisha kufunikwa. Sasa kusanya michoro, picha na daftari la ujenzi, kisha uulizie usajili, ambao alama zake huanza na 5H.

Mama Rubani: Pima pia uzito wa glaida na kitovu cha uzito huo, yaani mahali inaposawazika, ukiwa umeketi ndani. Dodoma iko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa nyepesi hurefusha mbio za kupaa.

Muulizaji: Nashukuru. Picha ninazo, daftari sina.

Fundi wa Kizota: Lianze leo, lakini usibuni tarehe.