Mrejesho: Leseni ya programu kwenye kompyuta za duka

Wakuu, niliuliza kama programu ya mauzo niliyonunua pamoja na kompyuta za duka inaingia kwenye uchakavu wa kompyuta (kiasi cha gharama ya mali kinachokatwa kila mwaka kwenye hesabu ya kodi). Mhasibu amenifafanulia, na nawashukuru sana mlionisisitiza niende kwake.

Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania, mali hupangwa kwa madaraja ya uchakavu. Kompyuta ziko Daraja la 1: asilimia 37.5 kwa mwaka, ya thamani inayobaki baada ya makato ya miaka iliyopita. Leseni ya programu yangu, ya miaka 4, ni mali isiyoshikika, Daraja la 7, hivyo gharama yake inagawanywa sawa kwa miaka hiyo 4. Huduma ya programu inayolipiwa kila mwezi, yenyewe ni matumizi ya kawaida ya biashara, haiingii kwenye uchakavu.

Muuzaji alikuwa ameandika bei moja ya jumla kwa kompyuta na programu. Nimemwomba atenganishe kwenye ankara, amekubali. Ombeni hilo kabla ya kulipa.